UTEUZI WA TARAKILISHI NA KISOMASKRINI KWA MWANAFUNZI WA KISWAHILI ASIYEONA

Utangulizi

Mwanafunzi asiyeona anapopata nafasi ya kusomea Kiswahili katika chuo kikuu, jamaa zake huuliza swali lile lile linaloulizwa katika kila nyumba: atanunuliwa tarakilishi gani? Swali hili huonekana jepesi. Mwenzake anayeona huingia dukani, akatazama, akagusagusa, akabishania bei na kutoka na mzigo wake. Kwa asiyeona, tarakilishi isiyosema ni sinia la plastiki. Hana budi kuteua vitu vitatu kwa wakati mmoja: chombo chenyewe, programu ya kukisomea yaliyomo, na sauti itakayotumiwa na programu hiyo. Aghalabu hicho cha tatu ndicho kinachosahauliwa, ilhali kwa mwanafunzi wa Kiswahili ndicho kizito kuliko vyote.

Mwandishi wa makala haya haoni tangu utotoni. Kipakatalishi changu cha kwanza kilinunuliwa kwa fedha za harambee, na kilichaguliwa na binamu yangu kwa nia njema kabisa. Kilikuwa na kiwambo kipana ambacho kila mtu alikisifu isipokuwa mimi. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, diski yake nzito, na kila nilipobonyeza herufi, sauti ilikuja baada ya kitambo, mithili ya mtu anayejibu kutoka ng'ambo ya mto. Niliandika insha ya kwanza ya muhula kwa kisio. Kabla ya mwaka kwisha nilikiuza kwa hasara, na sikupata ujasiri wa kuwaeleza majirani walionichangia. Azma ya makala haya ni kumwepushia mwingine hasara hiyo.

Kisomaskrini ni nini na hufanyaje kazi?

Kisomaskrini ni programu inayochukua maandishi na alama zilizo kwenye kiwambo na kuzitoa kwa sauti au kwa nukta nundu. Ni muhimu kukitofautisha na kitamkaji, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa matamshi. Kisomaskrini huamua kitakachosemwa na wakati wa kukisema, nacho kitamkaji hukitamka. Kisomaskrini kimoja chaweza kutumia vitamkaji mbalimbali. Msomaji aishike tofauti hii kwa sababu tutairudia.

Wengi hudhani kwamba kisomaskrini hutazama picha ya kiwambo kama jicho. Sivyo. Katika enzi ya mfumo wa DOS, kiwambo kilikuwa safu za herufi tupu, na kuzisoma hakukuwa na taabu kubwa. Kampuni ya IBM ilitoa kisomaskrini chake katika mwaka wa 1986. Mambo yalibadilika zilipokuja tarakilishi za madirisha na vijipicha, kwani herufi ziligeuka kuwa nukta za rangi zisizo na maana kwa programu. Katika mwaka wa 1997 Microsoft ilitoa njia rasmi ya programu kujieleza: kila kitufe, kila orodha na kila kisanduku kiweze kutoa jina lake na kazi yake pindi kinapoulizwa. Kwa hivyo kisomaskrini huuliza, na programu hujibu. Iwapo mtengenezaji wa programu hakukipa kitufe jina, hakuna cha kujibu, na msikilizaji atasikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila kujua kipi ni cha kutuma na kipi ni cha kufuta.

Hilo si jambo la nadharia tu. Niliwahi kukesha mbele ya tovuti ya usajili wa kozi ambayo vitufe vyake vyote vilikuwa picha zisizo na majina, na mlangoni pake paliwekwa herufi zilizopindwapindwa ili anayeingia athibitishe kwamba ni binadamu. Tarehe ya mwisho ilipita usiku huo. Mtu anaponiambia kuwa kisomaskrini changu "hakifanyi kazi" katika tovuti fulani, huwa namjibu kwamba kinafanya kazi barabara, ila hakuna wa kukijibu.

JAWS au NVDA?

Mjadala huu hauishi miongoni mwetu, na una mvuto kama ule wa mashabiki wa kandanda. JAWS ilianzishwa na Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari ya mwaka wa 1978. Toleo la kwanza, la mfumo wa DOS, lilitoka mwaka wa 1989, na lile la Windows likafuata mwaka wa 1995. NVDA ilianza mwaka wa 2006 nchini Australia, pale Michael Curran alipoanza kuiandika baada ya kuona si haki kwamba asiyeona alipe kuliko anayeona ili atumie tarakilishi ile ile. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake James Teh, ambaye pia haoni, walianzisha shirika la NV Access la kuisimamia. NVDA hupatikana bila malipo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchunguza au kuurekebisha.

Tofauti ya bei si ndogo. Kwa miaka mingi leseni ya kawaida ya JAWS iliuzwa Marekani kwa dola 895, kiasi ambacho katika maduka yetu kinaweza kununua vipakatalishi kadhaa vilivyotumika. Asiye na leseni anaweza kuitumia kwa dakika 40, kisha hana budi kuzima na kuwasha tarakilishi upya. Nimewajua wanafunzi walioandika tasnifu nzima kwa vipande vya dakika 40, wakihifadhi kazi kila aya kwa hofu. Ni ustahimilivu wa kustaajabisha, lakini sioni sababu ya kuuiga leo.

Je, JAWS haina faida? Inayo. Imezoeleka katika ofisi nyingi duniani, inaweza kurekebishwa kwa kina ili isome programu ngumu za kazini, na ina mafunzo mengi yaliyoandaliwa kwa uangalifu. Katika uchunguzi wa shirika la WebAIM uliotolewa mwaka wa 2024, wahojiwa 1,539 waliulizwa kisomaskrini wanachokitegemea zaidi kwenye tarakilishi, asilimia 40.5 walitaja JAWS na asilimia 37.7 wakataja NVDA. Kwa hivyo hakuna aliyemtupa mwenzake mbali. Rai yangu ni kwamba mwanafunzi anayejilipia aanze na NVDA, na iwapo chuo au mwajiri atamnunulia JAWS baadaye, ajifunze zote mbili. Amri nyingi za msingi hufanana, na anayeijua moja huihamia nyingine kwa siku chache.

Visomaskrini vingine nitavitaja kwa ufupi. Narrator huja ndani ya Windows yenyewe na imeimarika sana kuliko ilivyokuwa. VoiceOver huja katika tarakilishi za Apple tangu mwaka wa 2005, nayo ni nzuri, ila bei ya tarakilishi hizo yatosha kuufunga mjadala kwa wengi wetu. Watumiaji wa Linux wana Orca, isiyo na malipo. Window-Eyes, ambayo wakubwa wetu waliitumia, ilikoma mwaka wa 2017. Yeyote atakayekuuzia nakala yake anakuuzia kumbukumbu.

Kiswahili kinapotamkwa na Mwingereza

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Vitamkaji vingi huja vikiwa vimewekewa Kiingereza. Mwanafunzi wa sheria au wa biashara atafurahi. Mwanafunzi wa Kiswahili atafungua riwaya na kusikia kitu kisicho Kiswahili wala Kiingereza. Chukua maneno mepesi: wale, pale, vile, wake, kale, mate. Yote ni ya silabi mbili katika Kiswahili. Kwa bahati mbaya, yote yameandikwa sawasawa na maneno ya Kiingereza yenye silabi moja. Kitamkaji cha Kiingereza hakina njia ya kujua, hivyo huyatamka kwa kanuni zake. Ukisomewa ubeti wa tarbia kwa sauti hiyo, mizani 16 ya mshororo huweza kugeuka 13 au 12, kina cha kati kikapotea, na ukajiuliza kama mshairi alilewa. Wala si ushairi tu: mwanafunzi wa fonolojia anayejifunza silabi kwa sauti ya aina hiyo anajifunza silabi za lugha nyingine.

Suluhisho lipo, na halina malipo. NVDA huja na kitamkaji kiitwacho eSpeak NG, ambacho kina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Asili yake ni kazi ya Jonathan Duddington, aliyeanza kuiandika mwaka wa 1995. Hakitumii rekodi za mtu aliyesoma maneno studioni. Huunda sauti kwa kukokotoa masafa yanayofanana na yale ya koo na kinywa cha binadamu, na ndiyo sababu ni chepesi mno na husikika kama mashine. Wanaokisikia mara ya kwanza hukichukia. Mimi pia nilikichukia. Hata hivyo, kina sifa ambayo sauti tamu hazina: kikiharakishwa, bado hueleweka. Msikilizaji mzoefu hukisikiliza kwa kasi ambayo jirani yake wa bwenini husikia mruzi tu.

Kwa nini Kiswahili kimekuwa rahisi kuingizwa katika chombo cha aina hii? Jibu limo katika somo letu la mwaka wa kwanza. Tahajia yetu hufuata matamshi kwa uaminifu mkubwa, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho takriban daima. Kwa hivyo, badala ya kamusi kubwa ya matamshi, kitamkaji huhitaji kanuni chache. Mahali pa kukijaribu ni kwenye konsonanti zinazounda silabi peke yake, na kwenye tofauti ya ng na ng'. Mimi hukipima kitamkaji chochote kipya kwa sentensi hii: "Mbwa wa mtu wa ng'ambo alingojea ng'ombe thelathini nje ya ghala la dhahabu nchini." Sikiliza kama mtu na nchi zimebaki na silabi mbili, kama ng'ambo imetofautiana na alingojea, na kama dh, th na gh zimehifadhiwa. Jaribu ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda, kwani programu ya kuandikia huibadilisha bila kukuuliza, na kitamkaji kinaweza kuzishughulikia kwa namna tofauti.

Kuna tatizo moja linalofuata mara moja. Ukikiweka kitamkaji katika Kiswahili, majina ya menyu na vitufe vya Kiingereza nayo yatatamkwa kwa kanuni za Kiswahili, na "file" itakuwa "fi-le". Inachekesha siku ya kwanza na kuchosha siku ya pili. NVDA ina njia mbili za kulitatua. Ya kwanza ni kubadilisha lugha yenyewe kulingana na alama iliyomo katika hati: ikiwa aliyeandika hati aliiambia programu ya Word kwamba lugha yake ni Kiswahili, NVDA huitambua na kubadilisha sauti. Ya pili huitwa wasifu wa mipangilio. Bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Ctrl na P, unda wasifu mpya, kisha uufunge kwenye usomaji wa mfululizo. Ukiwa umeuchagulia sauti ya Kiswahili, tarakilishi itakuongoza kwa Kiingereza katika menyu, na pindi utakapoiamuru isome kitabu kuanzia ulipo hadi mwisho, itageukia Kiswahili. Mpango huu ulinichukua nusu saa kuuweka, na umenihudumia miaka.

Tarakilishi yenyewe

Sasa twende dukani. Mwenye uoni hafifu atajali ukubwa na mwangaza wa kiwambo, na ajaribu kikuza-maandishi cha Windows kwa kubonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha. Asiyeona kabisa asilipie kiwambo. Fedha hizo aziweke katika kumbukumbu, diski na kibodi.

Wanafunzi wengi hununua vipakatalishi vilivyotumika vinavyoletwa kutoka ng'ambo, na hakuna aibu katika hilo. Lakini kuna mtego. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu na, kwa vichakataji vya Intel, kizazi cha 8 kuendelea isipokuwa vichache. Chombo cha kizazi cha 6 kitauzwa kwa bei ya kuvutia huku kikiwa kimefika mwisho wa njia yake rasmi. Muulize muuzaji kizazi, na kama hajui, hamia duka la pili. Gigabaiti 4 ni kiwango cha chini cha kuishi. Chukua 8. Diski iwe ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka. Ucheleweshaji ule ulionitesa katika kipakatalishi cha kwanza ulitokana kwa kiasi kikubwa na diski ya kale iliyokuwa ikihangaika kila programu mbili zilipofunguliwa pamoja.

Kibodi ichunguzwe kwa vidole. Je, vinundu vya F na J vipo na vinahisika? Je, kuna kitufe cha Insert, au kimefichwa nyuma ya kingine? NVDA huweza kutumia Caps Lock badala yake, kwa hiyo ukosefu wake si msiba, ila ujue mapema. Je, vitufe vya F1 hadi F12 hufanya kazi vyenyewe, au hadi ushikilie kitufe kingine kwanza? Kibodi yenye safu ya tarakimu upande wa kulia ina faida, kwani mpangilio wa mezani wa NVDA huitumia safu hiyo kupekua kiwambo.

Tundu la vipokea sauti vya masikioni liwepo na liwe zima. Vipokea sauti visivyo na waya vina ila mbili kwetu: huchelewesha sauti, na mara nyingi humeza mwanzo wa neno baada ya kimya. Katika lugha ambayo mwanzo wa kitenzi hubeba nafsi, njeo na ukanushi, kumeza silabi ya kwanza ni kumeza sentensi. "Hatukusoma" ikisikika "tukusoma", tumekwisha.

Jaribio la dukani ni hili. Omba kiwashwe, kisha bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Narrator itaanza kusema. Huhitaji idhini ya fundi wala kusakinisha chochote. Sasa tembea katika menyu mwenyewe, bonyeza kila kitufe cha herufi usikie kama kinajibu, na usikilize kama sauti inakwaruza. Ukiweza, nenda na nakala ya NVDA iliyo ndani ya kidiski cha fleshi, kwani huweza kuendeshwa kutoka humo. Muuzaji aliyekuwa akizungumza na ndugu yako juu ya kichwa chako ataanza kuzungumza nawe. Nimeliona hilo likitokea zaidi ya mara moja.

Kuhusu gharama, Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupokea maombi ya vifaa saidizi kutoka kwa waliosajiliwa. Tuma ombi mapema, na usisubiri jibu ndipo uanze kujifunza kibodi: simu yoyote ya Android yenye TalkBack yaweza kukushikilia kwa muda.

Tahajia isiyosikika

Mhadhiri mmoja aliwahi kunirudishia insha akiwa ameandika kwamba mawazo ni mazuri ila sijui kutenganisha maneno. Alikuwa na haki. "Anasoma" na "ana soma" hutofautiana kwa kivuli kidogo tu cha mkazo, na kwa kasi ninayosikilizia, kivuli hicho hutoweka. Vivyo hivyo nafasi mbili badala ya moja, au nukta iliyosahauliwa mwishoni mwa aya. Kusikiliza kwa mfululizo hakutoshi kwa mhariri. Pitia hati neno kwa neno kwa Ctrl na mshale wa kulia: "ana" itasomwa peke yake, na kosa litajianika. Majina uyapitie herufi kwa herufi. NVDA hupandisha kidatu cha sauti inapokutana na herufi kubwa. Mwenye kifaa cha nukta nundu kinachounganishwa na tarakilishi ana bahati, kwani vidole huona nafasi ambazo sikio halizioni. Bei ya vifaa hivyo, hata hivyo, ingali mbali na mifuko yetu.

Neno kwa wanachama wanaoona

Makabrasha mengi tunayopokezana ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu na kufungwa katika faili moja. Kwa kisomaskrini, ukurasa wa aina hiyo ni mtupu. NVDA, ukibonyeza kitufe chake pamoja na R, hujaribu kuitambua picha na kuigeuza kuwa maandishi, na kwa kuwa Kiswahili hutumia alfabeti ya Kirumi isiyo na vipambo, matokeo huweza kuwa ya kuridhisha. Ukurasa ukiwa umepinda, au una kivuli cha kidole chako, hupata mchanganyiko wa herufi usiosomeka, na siku moja kabla ya mtihani si wakati wa kuufasiri. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, fungua faili, bonyeza Ctrl na F, kisha uandike neno lolote unaloliona katika ukurasa wa kwanza. Likipatikana, tuma. Lisipopatikana, tafuta nakala iliyochapwa, au weka simu juu ya meza iliyo karibu na dirisha na upige upya.